Baleti ni ya Wafaransa au ya Warusi?

Muuliza swali, Iringa
Habari za jioni, wanajukwaa. Ninafundisha sanaa katika shule moja ya sekondari hapa Iringa. Juzi niliwaonyesha wanafunzi kipande cha Swan Lake, onyesho la dansi ya jukwaani iitwayo baleti, kwenye simu, na mmoja akataka kujua kwa nini hatua zake zina majina ya Kifaransa, kama vile plié, ilhali sifa zote wanapewa Warusi. Nilibabaika. Naomba kueleweshwa.

Mchangiaji, Mbeya
Mwalimu, hao wote ni walezi tu, maana baleti ilizaliwa Italia katika karamu za watawala wa karne ya 15, kisha ikaota mizizi Ufaransa chini ya Catherine de' Medici, Mwitalia aliyeolewa katika ukoo wa kifalme wa huko. Aliyeipa lugha ni Louis wa 14. Mfalme huyo alikuwa mchezaji hasa: mwaka 1653, akiwa na miaka 14, alipanda jukwaani amevaa kama jua, na mwaka 1661 akaanzisha chuo cha dansi. Pierre Beauchamp, mwalimu wake, ndiye anayetajwa kuwa alizipanga zile nafasi tano za miguu. Ni kama karate: hata kijana wa Mwanjelwa huhesabu kwa Kijapani.

Mchangiaji, Njombe
Naongezea kuhusu Warusi. Marius Petipa, aliyetunga baleti nyingi zinazosifiwa kuwa za Kirusi, alikuwa Mfaransa aliyehamia St. Petersburg mwaka 1847. Hiyo Swan Lake ilipochezwa Moscow mwaka 1877 haikupokelewa vizuri. Iliyosambaa duniani ni ile ambayo Petipa aliitunga upya pamoja na Lev Ivanov mwaka 1895. Mwaka 1909 Sergei Diaghilev, mwandaaji wa maonyesho wa Kirusi, akawapeleka wachezaji wa Kirusi Paris, ambako baleti ilikuwa imefifia, na wenyeji wakashangilia mali yao wenyewe kana kwamba ni ngeni.

Waeleze pia habari za mchezaji Marie Taglioni, aliyecheza baleti ya La Sylphide mwaka 1832 akisimama juu ya ncha za vidole kwa viatu laini vya satini vilivyoimarishwa kwa nyuzi tu, bila ile ncha ngumu ya viatu vya leo.

Muuliza swali, Iringa
Nashukuru sana, ndugu zangu. Kesho nitaanza na zile nafasi tano za miguu. Ya tano nimeijaribu ofisini jioni hii, nikalazimika kushika meza.