Boti ikae majini au ipande trela? (Entebbe)

Mgeni wa Kigungu: Wakuu, nimenunua boti ya faibaglasi, futi 22, injini moja ya nje. Imetoka Mombasa. Natoka nayo wikendi mbili kwa mwezi, pengine hadi Kalangala. Niifunge kwenye boya moja kwa moja, au niitoe kwa trela kila safari? Maji ya Ziwa Victoria hayana chumvi, naona boya halina ubaya.

Nahodha Mstaafu: Hapo kwenye "hayana chumvi" ndipo tunaponaswa. Maji baridi hupenya faibaglasi kuliko ya bahari. Ikikaa majini miaka bila epoksi, ile rangi ya kuzuia maji, chini hutoka malengelenge. Pasua moja, linanuka siki. Na anodi zako, vile vipande vya chuma vinavyoliwa na kutu badala ya injini, ikiwa ni za Mombasa, huenda ni zinki. Huku zinki hujivika ukoko na kulala usingizi, kinacholiwa ni mguu wa injini. Weka za magnesiamu. Ila usiende nazo baharini, zitaisha upesi.

Fundi Ggaba: Trela, ssebo. Kinachoniletea kazi ni magugu maji. Upepo ukigeuka usiku, asubuhi boya limezingirwa. Ukiwasha, majani yanaziba tundu la kuvuta maji, impela, ile pangaboi ya pampu inayopoza injini, inaungua, injini inachemka. Ule mchirizi wa maji nyuma ukidhoofika, zima hapo hapo. Mwaka 2020 kisiwa cha mafunjo kilielea hadi bwawa la umeme la Jinja, nchi nzima ikawa giza. Sasa wewe na kamba zako mbili!

Mama Mashua: Fundi, sema na shida za trela basi. Gari lenye nguvu, mteremko wenye utelezi, na beringi: zimetoka barabarani za moto, unazitumbukiza majini, zinanyonya maji, mwezi ujao gurudumu limekwama njiani. Mimi naacha boyani, naitoa mara mbili kwa mwaka. Kosa langu lilikuwa betri. Mvua za Aprili zilijaza boti, betri ikaisha, pampu ya kutoa maji ikanyamaza, nikaikuta imezama hadi kwenye viti. Haikuwa na tundu hata moja. Sasa nina turubai la mgongo, maji yanateremka yenyewe.

Kijana wa Boti: Anayesugua chini asisimame kwenye majani ya ufukoni. Konokono wa kichocho wako hapo hapo.

Mgeni wa Kigungu: Asante. Lingine: injini haifikishi mizunguko iliyokuwa ikifikisha Mombasa. Imechoka?

Nahodha Mstaafu: Huenda ni hewa nyepesi. Ziwa liko zaidi ya mita 1,130 juu ya bahari, karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu inapotea. Jaribu propela yenye pichi (umbali inaosukuma kwa mzunguko mmoja) iliyopungua kwa inchi moja au mbili, kabla hujamlipa mtu kufungua injini.

Fundi Ggaba: Mzee unaniharibia soko.

Mgeni wa Kigungu: Haya, trela. Jirani ananiazima yake Jumamosi.

Mama Mashua: Zishike beringi zake kwa mkono kabla hujashusha boti. Zikiwa bado za moto, kanywe chai kwanza.