Naombeni ushauri: nampeleka mzee maktaba ya chuo kikuu, gari au basi?

msomaji_wa_mbali (mleta uzi)

Wakuu habari za saa hizi. Hili jambo limeninyima raha wiki nzima. Mimi si mwanafunzi, shule nilimaliza kitambo, ila kuna gazeti la miaka ya 60 ambalo baba yangu alikuwa analiandikia akiwa kijana, nimelitafuta mtandaoni halipo, katalogi inaonyesha liko maktaba moja tu ya chuo kikuu, saa mbili kwa gari kutoka kwangu. Baba ana miaka 84 na macho yanaanza kumgomea. Nilimwambia nitapiga picha nikuletee, akakataa katakata, anataka aishike karatasi yenyewe.

Mwezi uliopita nilienda peke yangu kujaribu njia. Nimetoka alfajiri, ramani ya simu imenipeleka vizuri mpaka ikasema umefika, kumbe nimefika katikati ya kampasi, mbele ya uwanja wa mpira, maktaba haipo wala dalili yake. Geti la kwanza nilipoingilia mlinzi aliniruhusu ila kila paking imeandikwa wafanyakazi tu, nikazunguka weee, nikatoka, geti la pili nikarudishwa kwa kukosa stika, mwisho nikaacha gari nje nikatembea dakika 25 juani. Kufika kaunta naambiwa vitu vya stoo vinaombwa kabla ya saa sita mchana, na hapo ilikuwa saa saba kasorobo. Nikarudi mikono mitupu.

Sasa nimpelekeje mzee? Anatembea na fimbo, mwendo mrefu hawezi. Kuna basi linaloshusha geti kuu, kutoka hapo mpaka maktaba sijui inakuwaje.

abiria_wa_kila_siku

Pole sana mkuu. Mimi nakushauri basi. Gari kwenye kampasi ni mateso, hasa asubuhi vipindi vinapoanza, wote wanaingia kwa wakati mmoja na kila nafasi ina mwenyewe. Acha gari kituo cha pembeni ya mji halafu panda basi, Oxford kule Uingereza wanafanya hivyo tangu 1973, unaegesha nje na basi linakuingiza ndani. Uliza pia kama chuo kina basi lake la ndani, vyuo vingi vikubwa vinalo na wageni wanaruhusiwa kupanda. Ila usiiamini simu kwenye ratiba za hayo mabasi, ramani inajua basi pale tu mwenye basi alipotoa ratiba yake, na mabasi ya chuo mara nyingi hayamo kabisa.

derevamstaafu

Nakuheshimu hapo juu ila kwa mzee wa fimbo sikubaliani na wewe. Kubadilisha basi mara mbili, ngazi za kupandia ziko juu, kusimama kituoni hujui dakika ngapi, mpaka afike maktaba nguvu za kusoma zimeisha. Mpeleke na gari. Nimeendesha wageni kwenye vyuo miaka mingi, shida siyo barabara, shida ni mita 500 za mwisho. Piga simu maktaba yenyewe siyo ofisi kuu ya chuo, uwaambie unakuja na mzee asiyeweza kutembea, tarehe fulani, namba ya gari hii, uwaombe wapeleke jina getini na uulize geti gani liko karibu na mlango. Mlinzi anafuata karatasi aliyopewa, jina lako likiwepo humalizi dakika mbili. Ukifika mshushe mzee mlangoni akae kwanza, paking utahangaika nayo wewe baadaye.

Na hiyo pini ya ramani: ukiandika jina la chuo inakupeleka katikati ya chuo. Andika jina la jengo la maktaba, vuta picha ya setelaiti, uone kwa macho yako mlango unatazama barabara ipi.

mkutubi_zamu_ya_jioni

Mleta uzi, mimi kazi yangu ni maktaba, naomba unisikilize kabla hujawasha gari. Kwanza, hakikisha gazeti liko jengo hilohilo. Maktaba nyingi zimejaa, vitu vya zamani vinawekwa mbali, maktaba ya Bodleian ya chuo cha Oxford ghala lake liko upande wa Swindon tangu 2010, hiyo ni zaidi ya kilomita 40. Kwa hiyo omba siku kadhaa kabla, usiondoke nyumbani mpaka wakujibu kwamba limeshafika chumba cha kusomea.

Pili, na hili ndilo litakalomuumiza baba yako usipoliuliza: magazeti ya enzi hizo karatasi yake ina asidi, inageuka kahawia na kukatika kama jani kavu, ndiyo maana sehemu nyingi wanakupa mikrofilamu, yaani picha ndogo za kurasa unazozisoma kwenye mashine, badala ya gazeti lenyewe. Waambie mapema kwamba msomaji ni mwandishi mwenyewe na sababu ya kutaka nakala halisi. Wakutubi tuna moyo kwa mambo ya aina hii, ila tunahitaji muda wa kumwomba mkuu wa kitengo.

Mengine madogo: vitambulisho vya wote wawili, penseli siyo peni, mabegi yanabaki nje. Na eduroam, ile intaneti ya vyuo, hamtaipata kama hamko chuo chochote.

msomaji_wa_mbali

Aisee la mikrofilamu sikuwa nalijua kabisa, ningemsafirisha mzee akaangalie skrini. Napiga simu kesho asubuhi. Asanteni sana, nitaleta mrejesho.

msomaji_wa_mbali (MREJESHO)

Wakuu tumeenda na tumerudi salama. Nilipiga simu mara tatu, ya tatu nikampata mama mmoja wa kitengo cha magazeti, nikamweleza yote, akanyamaza kidogo akasema mlete. Geti letu lilikuwa la nyuma upande wa hosteli, kwenye ramani hata jina halina, mlinzi akasoma namba ya gari kwenye daftari lake akafungua. Toka gari mpaka mlango hatua kama 30 na hakuna ngazi. Mimi nikaenda kuegesha, nikarudi nikamkuta ameshakalishwa.

Gazeti lilikuwa limejalidiwa mwaka mzima pamoja, zito, wameliweka juu ya sponji mbili lisifunguke sana. Ukigeuza ukurasa vipande vya kahawia vinabaki mezani. Mzee aliosha mikono, akachukua kioo cha kukuzia, akawa anashuka na safu taratibu kidole kikiwa juu ya karatasi bila kugusa. Alipofika penye jina lake hakusema kitu. Alisoma habari yote mpaka mwisho, akarudia, halafu akaniambia, "Hapa walinikatia aya moja." Na akanisomea ile aya kwa kichwa, yote.

Ameomba magazeti ya mwaka uliofuata ule aliousoma, ombi nimeshapeleka. Jumanne tunarudi, geti lilelile.