Nyumba Goba, hati ina jina la mume peke yake na mke hayupo: nilipe vipi?

MnunuziGoba
Wakuu, habari za leo, na shikamooni kwa waliotangulia. Kuna nyumba Goba, Ubungo, bei tumefikia milioni 180. Hati ipo, ya miaka 33 kuanzia 2004, jina la mume peke yake. Mke yuko Mwanza miaka kadhaa sasa. Mume anasema walishaachana ila hana karatasi yoyote ya mahakama. Dalali anasema mume akila kiapo kwamba hana mke inatosha, twende serikali ya mtaa tuandikishane, yaishe. Ofisi ya mtaa inataka asilimia 10 ya bei, na muuzaji anataka hela yote siku ya kusaini. Utaratibu wa kisheria ukoje, na hela itoke kwa hatua zipi?

Karani_wa_Hati
Mkuu, usitoe hata shilingi kabla suala la mke halijakaa sawa. Kesi iko hapo.

Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inamkataza mume au mke kuuza, kugawa, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, maadamu ndoa bado ipo. Hati kuwa na jina moja hakumwondolei mke haki hiyo, na kuishi Mwanza si talaka. Mpaka uone amri ya mahakama, hesabu kwamba huyo ni mke.

Kiapo anachokisema dalali kinathibitisha jambo moja tu: kwamba mtu ameapa. Mke akifika mahakamani na cheti cha ndoa, au na watoto na majirani wanaomjua, kiapo hakikuokoi. Hata wasiofunga ndoa wana mlango wao: kifungu cha 160 cha sheria hiyohiyo kinawadhania kuwa mume na mke waliokaa pamoja miaka miwili au zaidi na kutambulika hivyo na jamii. Kwa hiyo "hatukufunga ndoa" nalo lisikulaze usingizi. Ulizia majirani na mjumbe wa shina nani ameishi pale, na kama kuna mke mwingine, chukua ridhaa ya kila mmoja.

Mama huyo hana haja ya kupanda basi kuja Dar. Anasaini hati ya ridhaa mbele ya wakili wa hukohuko Mwanza, ikiwa na picha yake, nakala ya kitambulisho cha NIDA na muhuri wa wakili. Sharti itaje namba ya kiwanja, kitalu, namba ya hati, bei na jina lako. Ridhaa ya "namruhusu mume wangu auze mali zetu" ni dhaifu, kwa sababu haisemi mali ipi wala kwa nani. Wakili wako aongee na mama mwenyewe, na namba yake ya simu aipate kwa ndugu zake, isitoke kwa muuzaji. Sahihi za wake za kughushi zipo.

Mama akikataa, biashara imeishia hapo. Tafuta nyumba nyingine.

Kuhusu mtaa: mwenyekiti anaweza kushuhudia kwamba anamfahamu muuzaji, basi. Muhuri wake hauhamishi umiliki wa ardhi yenye hati. Hiyo asilimia 10 haina kifungu chochote katika Sheria ya Ardhi. Ni mazoea tu. Wakikubana, omba waandike madai yao na kifungu cha sheria wanachotegemea.

Bikoni_Nne
Naongezea upande wa ardhi yenyewe, maana watu hukagua karatasi wakasahau uwanja.

Omba nakala ya ramani ya upimaji na ramani iliyomo kwenye hati, kisha mlipe mpimaji aliyesajiliwa afufue bikoni zote, yaani alama za mipaka ya kiwanja. Goba ina vilima na mifereji. Ukuta kusogea mita mbili ndani ya kiwanja cha jirani au kwenye njia ya maji ni kawaida kabisa, na ukuta huo ukishakuwa wako, mgogoro nao ni wako. Kama kuna mto au korongo la maji ya kudumu, kumbuka Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza ujenzi ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Kwa barabara kuu, usikubali maelezo ya mdomo, nenda TANROADS, wakala wa barabara kuu. Bomoabomoa ya 2017 kuanzia Kimara hadi Kiluvya ilifuata hifadhi ya mita 121.5 kutoka katikati ya Barabara ya Morogoro, na walioumia wengi waliamini wako salama. Barabara za ndani waulize TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini.

Angalia pia miaka. Hati ya miaka 33 iliyoanza 2004 inakwisha 2037. Ukitaka mkopo wa benki wa miaka 15 kwa dhamana hiyo, watakurudisha.

Karani_wa_Hati
Bikoni yuko sahihi. Sasa hela.

Kwanza upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati, ofisi ya ardhi ya mkoa. Majibu yatakuambia mmiliki ni nani, kama kuna rehani ya benki na kama kuna zuio, yaani katazo lililowekwa kwenye hati na mtu mwenye maslahi. Ufanye mara mbili: kabla ya mkataba, na tena asubuhi ya siku ya malipo makubwa. Rehani inaweza kuingia katikati, na wanunuzi wanaweza kupigwa kwenye kipindi hicho.

Mkataba uwe wa maandishi. Kifungu cha 64 cha Sheria ya Ardhi kinadai hivyo. Andika bei halisi. Kuna wanaoandika milioni 80 kwenye nyumba ya 180 ili kodi ipungue. Ripoti ya uthamini itawaumbua, na biashara ikivunjika utadai kurudishiwa 80, kwa sababu ndiyo uliyosaini.

Malipo yapite akaunti ya wateja ya wakili, ile anayoshikia hela za wateja, kwa mpangilio huu: asilimia 10 mkataba ukishasainiwa na ridhaa ya mke ikiwa mkononi, sehemu kubwa, tuseme 70, muuzaji akishasaini fomu za uhamisho Na. 29, 30 na 35, akakabidhi hati halisi na risiti za kodi ya pango la ardhi. 20 inayobaki itoke jina lako likishasajiliwa. Muuzaji akigoma kuacha hiyo 20, shusha hadi 10, lakini usishuke hadi sifuri. Ukishamlipa yote hana tena sababu ya kukimbizana na kodi yake ya mauzo, na bila kodi hiyo uhamisho haupiti. Utabaki na funguo, na kwenye daftari la Msajili jina ni la yuleyule. Sheria ya Usajili wa Ardhi haitambui uhamisho ambao haujasajiliwa.

Baada ya malipo ya kwanza, weka zuio kwenye hati kama mnunuzi mwenye maslahi. Linazuia asiuze mara ya pili.

MnunuziGoba
Asante sana wakuu. Kodi ni zipi hasa, na nani analipa?

Karani_wa_Hati
Ya muuzaji ni kodi ya faida ya mauzo: asilimia 10 ya faida kwa mkazi. Akiwa na risiti za ununuzi na ujenzi za milioni 70, faida ni milioni 110, kodi milioni 11. Asiye na kumbukumbu za gharama, tangu mabadiliko ya 2022, anatozwa asilimia 3 ya bei au ya thamani iliyoidhinishwa, ipi kubwa. Kwa 180 ni milioni 5.4. Msamaha wa makazi binafsi hapa haupo, kwa sababu unakomea faida ya milioni 15.

Ya kwako ni ushuru wa stempu, asilimia 1, yaani milioni 1.8. Lipa ndani ya siku 30 tangu kusaini. Mkataba usio na stempu mahakama haiupokei kama ushahidi. Uthamini, ada za ofisi ya ardhi na wakili, mgawane kwa kuandika kwenye mkataba. Yasipoandikwa yatakuangukia wewe mwenye haraka.

Mama_Manzese
Samahani, na sisi wenye leseni ya makazi? Tufuate hayohayo?

Karani_wa_Hati
Dada, ridhaa ya mwenza na mkataba wa maandishi ni vilevile. Tofauti ni kwamba leseni ni haki ya muda mfupi chini ya kifungu cha 23 cha Sheria ya Ardhi, na kumbukumbu zake ziko manispaa, si kwa Msajili wa Hati. Upekuzi wako ufanyie huko, hakikisha haijaisha muda, na usilipe bei ya nyumba yenye hati.