Presha 168/104: juisi ya bitiruti inatosha?

Mvuvi_wa_Dunga: Hamjambo wadau. Mwanamume, miaka 49, niko Kisumu. Wiki jana nilipimwa presha ikasoma 168/104. Jirani akasema bitiruti inafungua mishipa, sasa nasaga bilauri mbili kwa siku. Swali ni moja tu: inatosha, au niongeze kitunguu saumu? Usiku silali, nasikiliza moyo.

MamaKibuye: Bitiruti ni dawa, ndugu yangu. Marehemu mama alikunywa, kesho yake akakojoa mekundu, akaita watoto wote kutoka Busia waje waagane. Tulilia mpaka shemeji akaikumbuka ile juisi. Mama akaishi miaka mingine kumi na miwili, na kila Krismasi akitucheka. Chagua zile ndogondogo, kubwa zina nyuzi.

Nesi_Mstaafu: Jirani hajakosea sana. Utando wa ndani wa mshipa wa damu hutoa gesi iitwayo oksidi ya nitriki. Inaishi sekunde chache tu, lakini inapenya kwenye msuli wa mshipa, msuli unalegea, njia inapanuka, presha inashuka. Bitiruti na mchicha vina nitrati. Bakteria walio ulimini huigeuza nitriti, mwili unamalizia kutengeneza gesi. (Ndiyo maana anayesukutua kila saa kwa dawa ya kuua vijidudu anajinyima.) Lakini kushusha 168 kwa juisi peke yake, hapana. Ulipewa dawa?

Mvuvi_wa_Dunga: Amlodipini. Ninayo.

Nesi_Mstaafu: Kuwa nayo si kuimeza.

Mvuvi_wa_Dunga: Sawa, niliacha wiki tatu sasa. Miguu ilivimba, viatu vikanikataa. Tena kuna mambo ya chumbani sitaki kueleza hapa. Dawa ni kemikali, bitiruti ni chakula. Sioni kosa langu.

Mzee_wa_Ahero: Kijana, shida yenu ni chumvi na nyama choma za Kondele. Baba yangu aliendesha baiskeli hadi Awasi akiwa na miaka 80. Hakujua presha ni nini.

Mkulima_Njoro: Hakujua kwa sababu hakupimwa, mzee.

Nesi_Mstaafu: Miguu kuvimba kwa amlodipini tunakujua, daktari anabadilisha dawa. Si kuacha kimyakimya. Na hayo ya chumbani unayatibu kwa dawa gani?

Mvuvi_wa_Dunga: Ile tembe ya bluu ya nguvu za kiume. Wikendi tu. Pia mjomba alinigawia vidonge vyake vya chini ya ulimi, vya maumivu ya kifua. Anasema kazi yake ni ile ile ya bitiruti ila haraka. Kichwa kiligonga, nikajua inafanya kazi.

Mkulima_Njoro: Omera, hiyo ni nitrogliserini! Ndiyo Alfred Nobel alitengenezea baruti, na uzeeni madaktari wakamwandikia hiyo hiyo kwa ajili ya moyo. Halafu mwaka 1998 Wamarekani watatu, Furchgott, Ignarro na Murad, wakapewa tuzo yake kwa kugundua kazi ya ile gesi ya oksidi ya nitriki mwilini. Mjomba amekutia baruti mdomoni 😂

Nesi_Mstaafu: Si mzaha. Kidonge cha ulimi kinaleta ile gesi. Cha bluu kinazuia mwili kuizima kazi yake. Vikikutana, mishipa inalegea yote kwa pamoja na presha inaporomoka. Watu wamekufa hivyo.

Mpelelezi_Milimani: Mnapoteza muda. Nimechimba nyuzi zake za zamani: mwezi wa tatu alikuwa Homa Bay, miaka 31, mke amemtoroka. Kesho atatuletea nambari ya kuuza unga wa bitiruti.

MamaKibuye: Hata mimi nilijiuliza. Mvuvi gani ana wikendi?

Mvuvi_wa_Dunga: Uzi wa Homa Bay ni wa mdogo wangu, tunatumia simu moja. Siuzi kitu.

Mpelelezi_Milimani: Mdogo wako. Haya.

Nesi_Mstaafu: Mpelelezi, ngoja kidogo. Wewe mwenye vidonge, mara ya mwisho ilikuwa lini?

Mvuvi_wa_Dunga: Ya bluu Ijumaa usiku, ya ulimi Jumamosi asubuhi. Nilianguka kidogo bafuni, lakini sakafu ilikuwa na sabuni.

Nesi_Mstaafu: Haikuwa sabuni. Mrudishie mjomba vidonge vyake leo, ya bluu usiiguse. Kesho asubuhi uwe kliniki, na umwambie daktari yote, hata ya chumbani. Ukisikia kizunguzungu au kifua kubana, usingoje kesho.

Mvuvi_wa_Dunga: Nitaenda. Lakini jana nilisaga lita tatu. Nimwage?

MamaKibuye: Usimwage. Nipitishie hapa sokoni.