Mota ya boda ya umeme: kiwanda kinabania sumaku au tunazichoma wenyewe?

Kapteni_Uyole: Wakuu, boda yangu mota iko ndani ya ringi ya nyuma. Miezi saba tu, mlimani haivuti. Fundi kaifungua: koili nyeusi, harufu ya vanishi iliyoungua, sumaku mbili zimebanduka gundi. Kwa nini wasiweke sumaku nene tangu kiwandani? Wa Dar msijibu, kilima mnakijua kwa picha.

Binti_Mbagala: Kwa picha? Kitonga nimepanda wewe bado unanyonya.

MzeeKoili: Kitonga tuiache. Ulibeba nini?

Kapteni_Uyole: Abiria wa mishikaki kama kawaida, na gunia la viazi.

MzeeKoili: Haya basi. Mzigo mara mbili, ampea mara mbili, lakini joto la shaba mara nne. Sumaku za neodimiamu za bei chee mwisho nyuzi 80 hivi, zikizidi zinachoka na nguvu hairudi tena. Nyanyua tairi uwashe: likizunguka kasi kuliko zamani halafu chini halivuti, ndiyo hiyo, sumaku zimechoka. Unene peke yake haukusaidii, chuma cha nyuma yake kikishashiba usumaku umetupa hela. Ingekuwa mota ya katikati yenye gia, mlima ungepanda kwa ampea chache.

Dogo_Volti: Sumaku za nini? Si hata Tesla wa magari ya umeme walizikimbia?

MzeeKoili: Umeigeuza, dogo. Model S ya 2012 ndiyo haikuwa na sumaku. Model 3 ya 2017 wakazirudia, maana hazipotezi umeme ovyo.

Mzalendo_Songwe: Na sumaku karibu zote tunauziwa na China, wakati Ngualla, huku kwetu Songwe, tumekalia mawe yenye madini yake! Aibu.

MzeeKoili: Ngualla ni neodimiamu na praseodimiamu. Ya kuvumilia joto ni disprosiamu, na pale ni kiduchu.

Mzalendo_Songwe: Kwa hiyo unabeza madini ya nchi yako? Nani anakulipa?

MzeeKoili: Ananilipa Kapteni, akileta hiyo mota niisuke.

Dogo_Volti: 😂😂 Mzalendo, hayo mawe utayafunga na gundi gani?

Mzalendo_Songwe: Wewe nyamaza, Tesla yenyewe umeisoma kinyumenyume.

Kapteni_Uyole: Jamani, mota yangu? Na Binti, Kitonga ulipanda na chombo gani?

Binti_Mbagala: Basi. Kwani basi halipandi?