Ulinganisho: farasi, punda au nyumbu kwa kusomba mawe kwenye Minecraft?

Mjenzi_wa_Dunga (Kisumu)

Wadau, salamu. Kwenye ulimwengu wetu wa pamoja wa Minecraft, gemu ya kujenga kwa vipande vya mraba (bloku), machimbo ya mawe yako kwenye mlima tuliouita Menengai, na gati tunalojenga liko ufukweni, mahali tulipopaita Dunga. Kutoka huku hadi kule ni bloku 1,200 hivi: tambarare sehemu kubwa, kisha kipande cha msitu, mto mmoja, na mteremko mwishoni. Tunacheza toleo la Java, lile la kompyuta, kwenye laptopi. Bado hatujafika End, eneo la mwisho la gemu, kwa hiyo makasha ya shulker, yanayobebeka yakiwa na mzigo ndani, hatuna.

Tunataka mnyama wa kazi. Wengine wanasema farasi kwa sababu ya mbio, wengine punda kwa sababu ya mzigo, na mmoja wetu hataki kusikia lolote ila nyumbu, yaani chotara wa farasi na punda. Nipeni hoja zenye namba.

BondeLaUfa (Nakuru)

Ndugu Mjenzi, anza na mwendo. Mchezaji akitembea huenda bloku 4.3 kwa sekunde, akikimbia 5.6. Punda wa porini wote wana mwendo mmoja, kama 7.5. Farasi ndiye mwenye bahati nasibu: mbovu kabisa hafiki 5, ambaye ni heri umwache ukimbie mwenyewe, na bora kabisa hupita 14. Wengi huangukia kwenye 9 na 10. Uhai wao, farasi kwa punda, ni pointi 15 hadi 30, yaani mioyo 7 na nusu hadi 15.

Kwa hiyo usiulize "farasi au punda" kabla hujampima farasi mwenyewe. Rangi na madoa havikwambii chochote, mweupe anaweza kuwa mzito kuliko wa kahawia aliye pembeni yake. Pima hivi: panga njia iliyonyooka ya bloku 100 mahali tambarare, weka alama mwanzo na mwisho, mpande, mpe nafasi ya kuanza mbio kabla ya alama ya kwanza, kisha tumia saa ya simu. Punda atachukua sekunde 13 na nusu hivi. Farasi akichukua 10 ni wa kawaida. Akimaliza chini ya 8, mfunge kamba kwenye nguzo ya uzio na usimwachie mtu.

Kuruka pima kando, kwa kuta za bloku 2, 3, 4 na 5. Shika kitufe cha kuruka hadi mstari ujae, ndipo uachie. Ukishikilia baada ya kujaa, nguvu inashuka kidogo, na hapo watu humlaumu farasi bure. Punda hapandi ukuta wa bloku 2. Lakini kwa kazi yako kuruka si muhimu sana, kwa kuwa wote watatu hupanda ngazi ya bloku moja wakiwa wanakwenda tu, bila kuruka.

Sasa mzigo. Farasi habebi sanduku kabisa. Punda na nyumbu wanabeba moja lenye nafasi 15, kila nafasi hushika mawe 64, na hiyo ni 15 × 64, yaani bloku 960 juu ya zile zilizo mwilini mwako. Ukijaza nafasi zako zote 36 una 2,304. Safari moja na punda basi ni 3,264. Hiyo 960 ndiyo unayolipia kwa kukosa mbio.

Kwa bloku 1,200, farasi mzuri wa 14 anatumia dakika moja na nusu, punda dakika 2 na sekunde 40. Farasi ni boda, punda ni mkokoteni. Kwa kusomba mawe mimi nachukua mkokoteni.

Shinyalu_Msituni (Kakamega)

Hesabu ya BondeLaUfa ni sawa lakini ni ya tambarare. Msituni mwendo wa farasi unaliwa na majani na vigogo, na mara nyingi ni mpandaji anayeumia: kichwa chako kinaingia kwenye bloku ya kigogo au jiwe wakati mnyama mwenyewe anapita chini, na unaanza kukosa hewa. Fyeka njia yenye upana wa bloku 3 na kimo cha bloku 4. Mageti yafanye mawili sambamba, kwa sababu mwili wa farasi una upana wa bloku 1.4 na hawezi kupita kwenye uwazi wa bloku moja hata umsukume namna gani. Punda naye ana upana uleule, kwa hiyo wewe jenga mbili, utamaliza ubishi.

Mtoni weka daraja. Kumvuta mnyama kwa kamba ukiwa kwenye mashua kunawezekana, ila ukienda kasi kamba inakatika na mnyama anabaki katikati ya maji na mawe yako 960.

Jambo lingine ambalo watu hulisahau: deraya, yaani vazi la kinga. Farasi huvaa, kwa mfano, ya ngozi (pointi 3 za kinga), chuma (5), dhahabu (7) au almasi (11). Punda na nyumbu hawavai chochote. Njia ya usiku bila taa, punda akifa, sanduku na mzigo wote vinamwagika chini, na una dakika 5 kabla ya vitu kutoweka. Weka mienge njia nzima kabla ya safari ya kwanza.

Dada_Redstoni (Kisumu)

Mnasahau reli. Gari la reli linakwenda bloku 8 kwa sekunde, juu kidogo ya punda, na lenye sanduku lina nafasi 27. Tena likifika gatini hopa, bloku inayonyonya vitu kutoka sandukuni, inalipakua yenyewe. Sanduku la punda hopa hailigusi, lazima upakue kwa mkono.

BondeLaUfa (Nakuru)

Dada, kuhusu kupakua uko sahihi kabisa. Ila piga hesabu ya chuma. Vipande 6 vya chuma na kijiti kimoja vinatoa reli 16. Bloku 1,200 ni mara 75, yaani chuma 450, kabla hujagusa dhahabu na redstoni (unga wa umeme wa gemu) za reli za umeme, na kule mlimani reli za umeme lazima uzipange karibu zaidi. Punda ni tandiko na sanduku. Kwa watu ambao bado hawajafika End, 450 ni chuma kingi. Reli mjenge baadaye, gati likishasimama.

Dada_Redstoni (Kisumu)

Kwa mwanzo nakubali. Lakini wasiifute kwenye mpango, maana mawe ya gati hayaishi.

Nyumbu_Daima (Eldama Ravine, njia ya Nakuru)

Mmejadili farasi na punda kana kwamba nyumbu ni punda mwenye jina lingine. Hapo ndipo jibu la Mjenzi lilipo.

Nyumbu ni mtoto wa farasi na punda. Kwenye Java mtoto anarithi mwendo, kuruka na uhai kutoka kwa wazazi wote wawili. Kwenye matoleo ya zamani gemu ilichukua sifa ya mzazi wa kwanza, ya mzazi wa pili, na ya tatu ya kubahatisha, ikagawanya kwa 3. Tangu 1.19.4 ya mwaka 2023 mtoto huanzia katikati ya wazazi wake, kisha hupanda au kushuka kidogo. Kwa njia zote mbili, ukimpandisha punda wa 7.5 na farasi wa karibu 13, utapata nyumbu anayezunguka kwenye 10. Huyo anamaliza bloku zako 1,200 kwa dakika 2, na sanduku lake lina nafasi 15 zilezile za punda. Kumbuka gari la reli ni 8.

Hatua zenyewe:

Mfuge kila mzazi kwanza. Mnyama wa porini huanza na utulivu wa 0 kati ya 100, na kila ukimpanda gemu hupiga kura: namba iliyotoka ikiwa chini ya utulivu wa mnyama, amekubali, la sivyo anakurusha na utulivu unaongezeka 5. Ndiyo maana jaribio la kwanza bila chakula kila mara linashindwa. Ngano, sukari na tufaha la kawaida kila kimoja kinaongeza 3. Ngano 20 ni 60, na ngano ndiyo rahisi. Usipoteze dhahabu kwa kufuga.

Kisha kila mzazi mpe karoti ya dhahabu moja. Inatengenezwa kwa karoti na punje 8 za dhahabu. Tufaha la dhahabu nalo linafanya kazi ileile lakini linakula mapande 8 mazima, na pande moja ni punje 9, kwa hiyo hakuna sababu ya kulitumia hapa.

Mtoto anakua kwa dakika 20. Robota la nyasi, ambalo ni ngano 9, linapunguza dakika 3. Wazazi wanapumzika dakika 5 kabla ya kuzaa tena. Hakuna dume wala jike, farasi yeyote na punda yeyote wanafaa.

Akikua, mpime kwenye njia ya BondeLaUfa. Sekunde 10 au chini, mwekee sanduku. Zaidi ya 12, zalisha mwingine. Nyumbu hazai, basi farasi wako wa mbio ndiye mali: mtunze zaidi ya nyumbu wote.

Kondele_Simu (Kisumu)

Mimi nacheza ya simu. Wanyama wangu wanatoa mioyo vizuri (alama ya kuwa tayari kuzaa) lakini mtoto haji. Na je, hayo ya nyumbu wa 10 yanafanya kazi kwa simu?

Nyumbu_Daima (Eldama Ravine, njia ya Nakuru)

Kaka, angalia afya yao. Kwenye Java mzazi aliyepungukiwa hata pointi moja anatoa mioyo ila hazai, na karoti inapotea. Jaribu hilo kwanza hata kwenye simu: walishe hadi wajae ndipo utoe karoti. Robota la nyasi linarudisha pointi 20, ngano 2, tufaha 3. Pia mtu asiwe amempanda mmoja wao, na wote wawili wawe wamefugwa. Mwendo wa nyumbu wako wa simu upime kwa bloku 100, saa itakwambia kama anafaa.

Shinyalu_Msituni (Kakamega)

Sanduku likishawekwa halitoki isipokuwa mnyama afe. Kwa hiyo pima kwanza, sanduku baadaye, kama alivyosema Nyumbu_Daima.

Mjenzi_wa_Dunga (Kisumu)

Asanteni sana. Maswali mawili ya mwisho. Tandiko tunapata wapi bila kuzunguka mapango? Na llama je (yule mnyama wa mizigo mwenye shingo ndefu), au ngamia?

Dada_Redstoni (Kisumu)

Tandiko: kuanzia 1.21.6 ya Juni 2025 unalitengeneza mwenyewe kwa ngozi 3 na kipande 1 cha chuma. Kamba nayo sasa ni nyuzi 5 tu, ute wa kiumbe slime hauhitajiki tena. Kama seva yenu ni ya toleo la nyuma ya hapo, tandiko ni la masanduku ya hazina, kuvua samaki, au kununua kwa fundi ngozi aliyefika daraja la juu.

Ngamia anabeba watu wawili na ana pointi 32 za uhai, ila hana sanduku na mwendo wake ni mdogo. Kwa ulinzi wa msafara sawa, kwa mawe hapana.

BondeLaUfa (Nakuru)

Llama unaweza kumkalia lakini humwongozi. Sanduku lake lina nafasi 3 hadi 15 kulingana na nguvu zake, na wenye 15 ni wachache. Faida yake moja ni msafara: ukimfunga mmoja kamba, wengine wanajipanga nyuma yake, msafara wa hadi llama 10.

Mkitaka kuongeza mzigo, afadhali mtu apande nyumbu mmoja na avute wawili kwa kamba: hao watatu ni 2,880. Aende taratibu kwenye kona za msitu, maana hapo wa nyuma hukwama kwenye vigogo na kamba kukatika. Asivute kamwe akiwa juu ya farasi wa 14, wa nyuma hawatamfikia.

Mjenzi_wa_Dunga (Kisumu)

Basi mpango ni huu: leo usiku tunapanga njia ya bloku 100 kando ya machimbo na kuwapima farasi wote walio kwenye uwanda. Aliye bora anapata deraya ya chuma na anakaa zizini. Punda wawili wako kwenye mbuga karibu na msitu. Karoti tunazo, dhahabu inatosha nyumbu watatu. Mienge na daraja vitangulia kabla ya mzigo wowote. Matokeo ya vipimo nitayaweka hapa, mwendo wa kila mzazi na wa kila mtoto, ili Nyumbu_Daima ayakague.

Nyumbu_Daima (Eldama Ravine, njia ya Nakuru)

Weka pia mwendo wa wale watakaoshindwa. Hao ndio watakaoonyesha kama farasi mliyemchagua anatosha au mtafute mwingine.