Kona ile banda zima lilijua ni goli. Benchi la Manchester United lilikuwa wapi?

Wadau, naomba msiniambie "ni mechi ya kwanza tu". Tangu jana usiku, Agosti 17, 2025, kila ninayekutana naye ananipa pole ya aina hiyo na inazidi kunichoma. Tumefungwa 1-0 na Arsenal, nyumbani Old Trafford, siku ya kufungua msimu, na goli lenyewe ni la kona. Dakika ya 13! Wangetufunga kwa shuti la mbali ningenyamaza, mpira una siku zake. Lakini kona ya Arsenal? Tangu msimu wa 2023/24 uanze, hakuna timu ya ligi kuu ya England iliyofunga magoli mengi ya kona kuwashinda wao. Wana kocha wa kazi hiyo peke yake, Nicolas Jover, na hata mtoto wa darasa la sita hapa Nakuru anamjua.

Na hii si mara ya kwanza, ndiyo maana nimefungua uzi. Desemba 4 mwaka jana pale kwao Emirates, kocha wetu Amorim hajamaliza hata mwezi kazini, Arsenal walitupiga 2-0. Timber, kona. Saliba, kona. Yote kipindi cha pili, yote kwa njia ile ile. Wiki mbili baadaye, robo fainali ya kombe la ligi kwa Tottenham, Son akapiga kona ikaingia moja kwa moja golini, haikuguswa na mtu, ikampita kipa juu ya kichwa. Tukatolewa 4-3. Kipa alikuwa nani? Altay Bayindir. Jana golini alikuwa nani? Altay Bayindir. Dalili ya mvua ni mawingu, na haya mawingu yametanda juu yetu tangu Desemba.

Acheni niwaeleze ilivyokuwa huku. Banda letu la mpira hapa Bondeni lilijaa tangu saa tisa mchana kwa sababu ya mechi ya Harambee Stars, timu yetu ya taifa, na Zambia kule Kasarani. Ryan Ogam akafunga, tukashinda 1-0, tukaongoza kundi letu la CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za nyumbani, watu wakakumbatiana United kwa Arsenal, hakuna aliyejali jezi ya mwenzake. Hakuna aliyetoka. Saa kumi na mbili na nusu ikaingia mechi yetu tukiwa bado na furaha hiyo mwilini.

Rice wa Arsenal alipokwenda kuuweka mpira kwenye kibendera, mzee mmoja fundi viatu, shabiki wa United tangu enzi za Schmeichel, aliinuka kwenye benchi. Mpira haujapigwa. Akanishika bega.

"Kijana wangu, mwangalie yule Saliba. Amemkalia kipa."

"Nimemwona mzee."

"Na nani anamtoa pale?"

Hakuna aliyemtoa. Mpira ukaja wa kujipinda karibu kabisa na goli, Bayindir akarusha mkono mmoja, akaugusa vibaya, ukashuka pale pale mbele ya mstari na Calafiori akausukuma kwa kichwa. Mzee hakukaa. Alibaki amesimama na kofia yake mkononi hadi marudio yakaisha, vijana wa Arsenal huku nyuma wakipanda juu ya viti na kupiga mabati. Sasa nawauliza: fundi viatu wa Bondeni aliyeona goli kabla halijafungwa, na benchi la ufundi lenye kompyuta na watu wa kuchambua video, nani analipwa kuona vitu hivyo?

Tuje kwa pesa, maana hapo ndipo hasira yangu inapochemka. Msimu uliopita tulimaliza nafasi ya 15. Pointi 42, magoli 44 katika mechi 38, mechi 18 tumepoteza. Fainali ya Ligi ya Europa pale Bilbao tukafungwa na Tottenham hao hao, kwa hiyo mwaka huu hakuna Ulaya. Kwa magoli 44 ni wazi tulihitaji washambuliaji na sina ugomvi na hilo. Cunha kaja kutoka Wolves kwa pauni milioni 62.5. Mbeumo kutoka Brentford, milioni 65 na nyongeza 6. Šeško kutoka Leipzig, ambaye zikilipwa nyongeza zote anafika milioni 73.7. Hesabu inapita milioni 200. Golini? Hakuna kitu. Msimu mzima tumelia juu ya makipa, dirisha likafunguliwa, na siku ya kwanza tunapanga yule yule aliyekuwa wa akiba.

Huyu hakuwa hata chaguo la kwanza, kumbukeni. Mwaka 2023 waliamua De Gea aondoke baada ya miaka 12, mechi 545, mechi 190 bila kufungwa, rekodi ya klabu. Msimu wake wa mwisho alikuwa ametoka kuchukua tuzo ya kipa wa ligi! Wakamleta Onana kwa zaidi ya pauni milioni 40 kwa sababu anajua kucheza kwa miguu. Aprili mwaka huu Onana akavuruga kule Lyon, magoli yote mawili lawama kwake, siku tatu baadaye akawekwa nje pale Newcastle. Akaingia Bayindir, tukapigwa 4-1, na goli la nne likatokana na pasi ya Bayindir mwenyewe. Yaani Aprili walikuwa wamekwisha kuwajaribu wote wawili na majibu wakayapata. Kutoka Aprili hadi Agosti walikuwa wanangoja nini?

Jana Onana hakuwemo hata kikosini. Benchi alikaa Tom Heaton, ana miaka 39. Hiyo ndiyo Manchester United, klabu iliyowahi kuwa na Van der Sar aliyekaa dakika 1,311 za ligi bila kufungwa.

Nisieleweke vibaya, simchukii Bayindir. Kijana alitubeba Januari pale pale Emirates kwenye kombe la FA, tukiwa watu 10 baada ya Dalot kutolewa, akazuia penalti ya Odegaard, kisha ya Havertz kwenye matuta. Siku ile nilimshangilia hadi sauti ikakauka. Shuti anazuia. Shida yake ni mipira ya juu akiwa amebanwa na watu, na shida hiyo inaonekana na kila mtu mwenye macho. Unapomweka mtu mwenye shida hiyo dhidi ya timu inayoishi kwa mipira hiyo, basi angalau mwekee walinzi. Maguire, mtu wetu hodari wa mipira ya vichwa kuliko wote, alianzia wapi? Benchi. Nani alipewa kazi ya kusimama kati ya Saliba na kipa? Rudieni video mniambie.

Na wale mnaosema tulicheza vizuri, ndiyo, tulicheza vizuri! Hilo ndilo linaloniuma. Mashuti 22. Dorgu kagonga mlingoti. Cunha aliwahangaisha mabeki wao mechi nzima, sijaona mchezaji wetu akiwakimbilia watu namna ile kwa muda mrefu. Mbeumo kapiga kichwa kile kipindi cha pili, nikawa nimekwisha kuruka, kipa wao Raya akautoa. Tazameni vizuri hapo. Mechi ile iliamuliwa na makipa wawili. Wao walikuwa na mtu aliyeshika kila kitu, sisi tulikuwa na mtu aliyepaparika mara moja, na mara moja ilitosha. Mshambuliaji wao Gyökeres waliyemsubiri kwa hamu hakufanya lolote, akatolewa. Mpira wa kawaida wangecheza hadi usiku wa manane wasitufunge.

Kinachonikera zaidi ni kwamba siku hiyo hiyo, kwenye runinga ile ile, nilikuwa nimetoka kutazama timu inayojua kulinda goli moja. Stars dhidi ya Morocco wiki iliyopita walicheza kipindi cha pili chote wakiwa 10, Erambo ametolewa, mipira inamiminwa ndani ya boksi kila dakika, na goli likabaki moja. Hawa ni vijana wa ligi ya hapa nyumbani, ambao mishahara yao wengine inachelewa. Kocha wao ni Benni McCarthy, ambaye alikuwa kwenye benchi la United enzi za kocha Ten Hag, akaachwa aende. Kila kona ya Zambia jana niliona mtu amesimama mbele ya kipa Byrne Omondi kumfungulia njia. Hakuna pauni hata moja iliyohitajika kwa hilo, ni kupanga watu na kuwaambia wasimame wapi.

Asubuhi hii nimepita stendi ya matatu, makanga wa Arsenal wananiita kwa jina na kunionyesha kibendera cha kona kwa vidole. Mwanangu naye katoka nyumbani na jezi ya Mbeumo ndani ya sweta, kaifunga vifungo hadi shingoni isionekane. Ana miaka tisa. Hilo limeniuma kuliko goli.

NYONGEZA, saa sita mchana: Nimesoma majibu yenu, najibu machache.

Anayesema ilikuwa faulo: Saliba alimgusa, nakubali, nimeirudia mara nyingi. Lakini Simon Hooper hakupuliza, VAR, marefa wa video, hawakubadilisha, na hivyo ndivyo ligi ile inavyochezeshwa wiki baada ya wiki. Arsenal wamefunga magoli ya namna ile misimu miwili yote na yanahesabiwa. Ukijua refa hapulizi, unajipanga kwa refa asiyepuliza.

Ndugu wa Free Area uliyeandika kwamba 2020 tulianza kwa kufungwa 3-1 na Crystal Palace hapo hapo Old Trafford na tukamaliza wa pili: ni kweli. Na 2022 Brighton walitupiga 2-1 siku ya kwanza, tukamaliza wa tatu. Lakini angalia golini, kaka. Msimu ule wa 2020 De Gea na Dean Henderson walikuwa wanagombania nafasi. Wa 2022 ndio huo De Gea alichukua tuzo. Kupoteza mechi ya kwanza unaweza kupona ukiwa na kipa. Sasa hivi tunapona na nani?

Anayesema niache timu za wazungu nishabikie za nyumbani: dada yangu, mimi ni mtu wa Nakuru. Bingwa wa kwanza kabisa wa ligi ya Kenya, mwaka 1963, ni Nakuru All-Stars, na hiyo hadithi nimelelewa nayo. Ulinzi, timu ya hapa Nakuru, walipochukua ubingwa 2010 nilikuwa uwanjani Afraha kila walipocheza pale. Ijumaa Stars wanakutana na Madagascar robo fainali na nitapiga kelele kuliko mtu yeyote barabara hii. Moyo wa mtu una nafasi ya timu mbili, na zote mbili zina haki ya kuniumiza.

Wa mwisho, uliyesema makipa wazuri ni ghali na pesa zimeisha. Kipa Donnarumma kachukua kombe la Ulaya na PSG Mei hii, sasa wamemweka nje ya kikosi, mkataba wake umebaki mwaka mmoja, yuko sokoni kila mtu anajua. Hata kama mshahara wake hauwezekani, Ulaya nzima haikosi kipa mmoja anayeweza kutoka golini akapiga ngumi mpira wa kona. Milioni 200 zilipatikana kwa washambuliaji. Dirisha linafungwa Septemba 1, kwa hiyo wiki mbili zipo, na ninataka kuona jina la kipa kabla ya siku hiyo. Si winga mwingine. Si kijana wa miaka 18 wa baadaye.

Na kabla hajafika, Jumapili tuko Craven Cottage kwa Fulham. Amorim amwanzishe Maguire, na kona ya kwanza ya Fulham itakapopigwa amsimamishe mbele ya Bayindir, mgongo kwa kipa, asihame hapo hadi mpira uondolewe. Wenye maoni tofauti kuhusu nani asimame pale, semeni, nasubiri.